Gunia Lisilo na Matobo

Wiki moja kabla ya Krismasi, Bi Mwanaidi alikuwa uani akikuna nazi na kumchokoza mpangaji wake mpya. Nyumba ilikuwa yake, Kariakoo, nyuma ya soko. Yeye alikuwa Mzaramo; mpangaji, Mama Rehema, alijitambulisha kuwa Mnyamwezi wa Tabora. Basi walikuwa watani.

"Mnyamwezi wewe! Ulikuja pwani na mzigo kichwani. Nani kakupa ruhusa ya kuutua kwangu?"

Mama Rehema alitabasamu tu. Mnyamwezi niliyemjua mimi angemrudishia maneno mpaka nazi imwagike. Niliona, nikajiuliza. Mwaka ule nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Uganda, nafundisha shule, nimepanga chumba humo humo kwa Bi Mwanaidi, na hakuna jambo nililoliacha lipite bila swali.

Alasiri ile nilikaa mkekani na Rehema, wa miaka sita, na mdogo wake Juma. Nilikuwa na kitabu cha picha cha Kiingereza nilichokinunua kwa Mhindi mmoja, muuza vitu vikuukuu. Hadithi yenyewe ni ya mzee mwenye ndevu anayepita kwenye theluji, akiingia nyumba za watoto waliolala na kuwaachia zawadi. Niliwasimulia kwa Kiswahili.

"Hapigi hodi?" Juma akauliza.

"Hapigi."

"Mwizi huyo," Bi Mwanaidi akasema. Tukacheka.

Rehema hakucheka. Alikuwa ameweka kidole kwenye gunia la mzee.

"Halina matobo."

Ningeweza kufungua ukurasa mwingine. Nikauliza, "Matobo ya nini?"

"Ya macho. Anavaa kichwani, watu wanapita. Akiitikia kwa kichwa, unapelekwa. Baba alipelekwa."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza.

Magazeti tulikuwa tukiyasoma. Vita vya Wakikuyu na Waingereza huko Kenya vilikuwa mwaka wa pili, na habari za watu waliofunikwa magunia ili wawataje majirani zao bila kujulikana zilishatufikia. Hata Dar polisi walikuwa wakiwatafuta Wakikuyu waliokimbia bila karatasi.

Mama Rehema aliwashika wanawe mikono, wakaingia chumbani.

"Sisi hatukusikia kitu," Bi Mwanaidi alisema kwa sauti, ili wa ndani asikie.

Asubuhi chumba kilikuwa kitupu.

Nilihisi wamekwenda kupanda treni, nikaenda stesheni ya reli kuwaambia warudi, kwamba hakuna wa kuwasema. Niliwakuta karibu na dirisha la tiketi, askari wawili mbele yao.

Askari mmoja akanigeukia.

"Wewe. Unamjua mwanamke huyu?"

Nililipima swali lile kama nilivyozoea kuyapima yote. Nikaona mtego. Nikikubali, ataniuliza kwao wapi, nami nitababaika.

"Simjui."

Askari akamtazama Mama Rehema. "Si umesema mwalimu huyu anakaa na wewe nyumba moja?"

Mama Rehema alimvuta Juma karibu naye.

Rehema alinitazama, kisha akatazama chini.

Wakachukuliwa.

Nyumbani nilimweleza Bi Mwanaidi yote.

"Wangeniuliza mimi, ningesema mdogo wangu huyo, tumbo moja."

"Wasingeamini, Bi Mwanaidi."

"Wasiamini. Lakini angenisikia nikisema."

Alijifunga kanga, akaenda kituo cha polisi. Akarudi jioni. Walishapakiwa kwenye lori la kaskazini, kurudishwa Kenya.

Tangu siku hiyo nimeandika barua nyingi, nimeuliza kila mtu atokaye Kenya. Hata jina lao halisi sikuwahi kulijua. Nawatafuta kwa jina la kubuni. Huenda wangekamatwa hata kama ningesema nawajua. Huenda hofu yangu haikubadili kitu. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na kila mara namwona mwanamke yule akiisubiri sauti yangu, akiamini nitasema ndiyo.