Vidonge vya Kitunguu Saumu

Mama alitobolewa mdomo wa juu akiwa msichana kule Mkunya, avae ndonya, kipande cha mti cha urembo. Tundu lilibaki, na sisi wanawe tulimzoea akiongea huku kajiziba kwa kanga. Harusi yangu ilipokaribia, alitaka lishonwe ili apigwe picha uso wazi.

Daktari wa Masasi alimuuliza kama anatumia dawa yoyote. "Hapana, mwanangu," akajibu. Nami pembeni, mjinga mimi, nikaitikia kwa kichwa. Vidonge vya kitunguu saumu nilimnunulia mwenyewe pale stendi, kwenye maduka ya ruksa, yale yaliyofunguliwa biashara ilipoachiwa huru. Tuliviona chakula tu. Kumbe vinachelewesha damu kuganda. Aliposhonwa, damu ikamvilia usoni mpaka chini ya macho.

Katika picha zote za harusi yangu, mama ameshika kanga mdomoni.