Yumna wa Viduara

Hapa Mgogoni wanamwita Yumna wa Viduara, na wanamwita kwa kucheka. Wacheke! Miye Bi Mwanabaraka, shangazi yake, nitawaeleza hao wenye meno nje huyu mtoto wa kaka yangu ni nani.

Anakaa Jadida, Wete, na kazi yake ni kuchora kichocho kwenye kompyuta. Si mdudu mwenye kichwa na mkia, la. Hukusanya yale ambayo wataalamu wa nchi mbalimbali wameyapima, akayapanga, kisha akachora viduara. Vyekundu ni vitu anavyovitoa mdudu, vya kijani ni vya mwili wetu. Kiduara kimoja kikigusana na chengine, anavuta mstari. Mstari mzito ni jambo lililothibitishwa maabara, na wa nukta nukta ni jambo ambalo kompyuta imekisia tu. Siku moja nilimwuliza, "Mwanangu, umesoma miaka yote hiyo uje kuchora utando wa buibui?" Akanijibu, "Shangazi, huyu mdudu anaishi ndani yetu na mwili unamstahamilia. Nataka kujua wanaambiana nini." Ni mbishi tangu utotoni. Skuli, wavulana walipojisifu kuwa kukojoa damu ndio ukubwa, yeye aliwaambia huo ni ugonjwa. Wakampiga. Kesho yake akarudi kuwaambia tena.

Sasa, Mwatum ni binti yangu wa kumzaa. Aliolewa na Suhail, hapa hapa Mgogoni, akaanza kupata maumivu chini ya kitovu na damu isiyokuwa ya mwezi. Kituo cha afya alichokwenda walimpa dawa za zinaa. Hazikumsaidia, wakampa tena. Suhail alipojua vidonge ni vya nini, akahukumu mwenyewe. Akamrudisha kwangu mchana kweupe na sanduku lake, na mama yake, Bi Masika, akatangaza bombani, wanawake wakiteka maji, kuwa mke si mwaminifu. Mwanangu huyo, asiyetoka hata mlangoni bila ya buibui! Niliumia nikakosa pa kushika. Kikao kikawekwa mbele ya Shehe Hafidh, Suhail atoe talaka na sababu aitaje watu wasikie.

Yumna alikuja na mchoro wake kauchapisha kwenye karatasi kubwa. Aliniuliza jambo moja tu, Mwatum alikuwa akilima wapi. Nikamwambia, bonde la mama mkwe wake, mpunga, maji mpaka magotini. "Basi twende," akasema.

Barazani kwa Bi Masika, Shehe na Suhail wameshakaa kikaoni, akaikunjua ile karatasi. Lo! Viduara, mistari, herufi na namba zisizosomeka. Bi Masika akaruka. "Talasimu! Wameniletea talasimu nyumbani kwangu!" Akaingia ndani, akatoka na ndoo ya maji, akaitumbukiza karatasi, maana kwetu maandishi ya uchawi dawa yake ni kuyaosha yatoke. Akasugua. Wino wa mashine haukutoka. Akasugua tena, hata mstari mmoja haukufifia, na hapo ndipo akazidi kuogopa. Wallahi nilicheka huku machozi yananitoka.

Shehe Hafidh akaiopoa karatasi, akaiangalia juu chini. "Kombe la kuwanywesha wagonjwa naandika mwenyewe, na talasimu nazijua. Hii siyo. Mwacheni mtoto aseme."

Yumna akaitandaza imelowa. "Hili ni yai la mdudu wa kichocho," akasema. "Likikwama ndani ya mwili wa mwanamke linatoa hivi vyekundu. Mwili nao unalizingira kwa hivi vya kijani. Pale panavimba, panachubuka, panatoa damu. Vidonda vyake vinafanana na vya zinaa, ndiyo maana watu hukosea. Lakini mdudu huyu haji na mwanamume. Anapenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Kama Mwatum anaye, basi kampata bondeni kwenu, Bi Masika, akikupandieni mpunga wenu."

Suhail akagonga kidole kwenye mstari wa nukta. "Na huu? Si umesema hii ni ya kukisia? Basi yote ni ya kukisia."

Nikasema leo kaumbuka.

"Huo siujui, na sitokwambia naujua," Yumna akajibu. "Huu mzito naujua. Na usiniamini mimi. Mwatum akapimwe, na nyote mnaoingia bonde lile mkapimwe. Ukitaka kumwacha mwache. Lakini neno la zinaa hulitamki leo, labda unipite mimi kwanza."

We! Mbele ya wanaume na kanzu zao! Shehe akaahirisha kikao, na waliolima bonde lile wakaenda kupimwa. Mwatum alikutwa na mayai ya kichocho.

Tuliporudi barazani, Suhail alitaka kuyamaliza kwa kunong'ona, ati yaliyopita yamepita. Yumna akafungua mdomo, lakini aliyesimama ni Bi Masika. Uso ulikuwa umemshuka.

"Majibu yangu ni kama ya Mwatum," akasema. "Damu hii ninayo tangu baba yake Suhail yu hai, nami nimeificha kwa aibu. Ujane wangu nyote mnaujua nilivyokaa. Haya, Suhail, na mimi nikajitangaze bombani kuwa si mwaminifu?"

Shehe alitazama chini. Suhail akamgeukia mkewe, akamwambia akachukue sanduku warudi nyumbani.

Mwatum wangu, aliyekuwa hainui macho, akamkazia.

"Sanduku ulilileta mchana, watu wakiona," akamwambia. "Njoo ulichukue mchana. Na uanzie bombani, pale niliposingiziwa."

Alikuja. Alianzia bombani, na mama yake alikuwa mbele.