Mistari Miwili ya Majani Chai

Nilirudi Kiptere katikati ya miaka ya tisini nikiwa na sanduku la karatasi za hesabu na hasira ya kutosha kijiji kizima. Ufadhili wangu ulikuwa umekatika kabla sijamaliza masomo ya uzamifu kule ng'ambo, msimamizi wangu alikuwa amehamia chuo kingine, na hakuna aliyeniambia nitaitwa tena lini, au kama nitaitwa. Niliwaambia watu nimekuja kupumzika. Ukweli ni kwamba sikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Nyumbani nilimkuta Baba peke yake. Mama ni wa watu waliohamia huku kutoka Mkoa wa Kati. Wazazi wake walinunua shamba karibu na Kedowa kabla sijazaliwa, na huko ndiko Baba, Mkipsigis wa Kiptere, alikomwona. Miaka michache kabla sijarudi, wakati wa zile fujo za kikabila, nyumba za ndugu zake Mama zilichomwa, naye akapanda lori pamoja nao kwenda Nakuru. Baba alibaki kulinda shamba. Fujo zilipotulia watu walianza tena kusalimiana sokoni, lakini Mama hakurudi, na Baba hakwenda kumchukua. Mama alingoja afuatwe. Baba aliona haya, maana waliochoma ni watu wa kabila lake; angewatazamaje mashemeji zake machoni? Basi wakakaa hivyo, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Mimi nilitaka jambo moja tu, na nililitaka kwa uchungu wa mtoto mdogo ingawa nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu: Mama arudi nyumbani.

Baba hakuligusa jambo hilo. Alizungumza juu ya ng'ombe, mvua ya mawe, na lori la majani linalochelewa kufika kituoni. Alizungumza kwa Kiswahili, kwa sababu hiyo ndiyo lugha ya nyumba yetu. Yeye na Mama hawakuwa na nyingine ya kuelewana. Sasa Mama hayupo, nami Kikipsigis nakielewa vizuri sana, lakini hakubadilisha lugha. Tukimaliza kula aliingia chumbani akafunga mlango, nami nikabaki na redio. Upweke wa nyumba ile ulikuwa mbaya kuliko ule wa ng'ambo. Kule angalau nilijua kwamba hakuna anayenijua.

Watu waliniuliza nimesomea nini. Nikijibu sumaku, wanauliza, "Zile za spika ya redio?" Nasema ndiyo, naenda zangu. Sikuwa mtu wa kupendeza mwaka ule.

Mvua za masika zilipoanza, Baba alitaka kupanda chai kwenye kipande chembamba cha chini, karibu na kijito, alikokuwa amekata mikaratusi. Palitosha mistari miwili tu. Kwetu chai hupandwa kwa kupishana: shimo la mstari wa chini hukaa katikati ya mashimo mawili ya mstari wa juu, ili mizizi izuie udongo usichukuliwe na maji. Alikuwa na miche ya aina mbili ndani ya vifuko vya plastiki, ya jani pana na ya jani jembamba. Kwenye mkutano wa wakulima alisikia kwamba ni vizuri kuchanganya, maana ugonjwa wa aina moja huenda usiishike nyingine. Huo ulikuwa ushauri tu. Baba aliugeuza ukawa sheria.

"Hakuna mti itakaa karibu na ndugu yake," alisema. "Kila moja ikae na mgeni."

Nilisimama na jembe mkononi nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Sikuwa nimecheka tangu niteremke kwenye ndege.

"Nini?" Baba akauliza.

"Haiwezekani, Baba."

"Nini haiwezekani? Nyanya yako alipanda hii kilima yote na mkono yake, na wewe unaniambia mistari mbili haiwezekani?"

Nikamwacha ajaribu. Akaweka mche wa jani pana juu. Akaweka wa jani jembamba chini yake. Akashika wa tatu, wa kukaa juu tena, ukipakana na yote miwili. Akaweka jani pana, akaona ni ndugu wa ule wa kwanza, akautoa. Akaweka jani jembamba, akaona ni ndugu wa ule wa chini, akautoa. Akarudi nyuma akabadilisha wa kwanza, na hilo likaharibu wa pili. Aliendelea hivyo mpaka shati likamganda mgongoni kwa jasho.

"Sasa hii ni uchawi," akasema.

Nikamwambia kwamba hicho ndicho nilichokuwa nikisoma miaka yangu yote ya ng'ambo. Nilichuchumaa pale kwenye tope nikamweleza, na nakumbuka sauti yangu ilivyokuwa ikienda mbio, maana sikuwahi kumweleza mtu yeyote wa kwetu. Ndani ya madini fulani, nilisema, kuna chembe zimejipanga kwa mistari, na kila chembe ni sumaku ndogo sana. Kwenye sumaku ya kawaida, hizo chembe zote huelekea upande mmoja. Kwenye zangu, kila moja hukataa kuelekea anakoelekea jirani yake: huyu juu, yule chini, huyu juu. Mstari ukiwa mmoja hakuna taabu. Mistari ikiwa miwili iliyopishana, kila chembe huwa na jirani wa ng'ambo na jirani wa kando, na hao nao ni majirani wao kwa wao. Pande za kuchagua ni mbili, majirani wanaopakana ni watatu. Lazima wawili wafanane. Wenzangu wa kazi hiyo husema chembe hizo zimekerwa, na neno hilo mwaka ule lilinifaa hata mimi.

"Na serikali ya watu ilikuwa inakulipa usome hii?"

"Ilikuwa inalipa."

Alitikisa kichwa, lakini hakuondoka. Akafuta mikono kwenye suruali. "Sasa zikishindwa, zinafanya nini?"

Hakuna swali nililowahi kuulizwa likanifurahisha kama hilo. Nikamwambia kwamba kwenye baridi kali sana, vuta nikuvute ya majirani ikifikia kiasi fulani, chembe huacha kuhangaika na mstari mzima. Hufungana mbili mbili. Ukiitazama moja ndani ya jozi, huwezi kusema imeelekea juu au chini. Unachojua tu ni kwamba ikiwa hii ni juu, mwenzake ni chini. Wakishafungana hivyo hawana habari tena na majirani. Kiasi hicho cha kuvutana, pale hasa mstari unapoacha kutangatanga na kuanza kufungana, ndicho nilichokuwa nikikitafuta kwa hesabu.

"Basi tufanye hivyo," Baba akasema.

Tukapanda mbili mbili. Pana na jembamba, jozi. Pana na jembamba, jozi nyingine. Mahali jozi ilipopakana na jozi, ndugu alikaa karibu na ndugu, naye Baba akapita akachimba shimo lililofuata. Tulifanya kazi vizuri siku hiyo, yeye akichimba na mimi nikipasua vifuko na kushindilia udongo. Jua lilipoanza kuinama miche ikaisha, ukabaki mmoja wa jani pana usio na mwenzake.

"Na hii?" akauliza.

"Kwenye kazi yangu pia hutokea. Mstari ukiwa na idadi isiyogawanyika kwa mbili, inabaki moja bila jozi. Hiyo haitulii. Inatembea kwenye mstari. Ikifika kwa jozi, inamchukua mmoja, na yule anayeachwa anaendelea kutembea badala yake."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ikutane na nyingine iliyobaki peke yake."

Baba alikigeuza kifuko mkononi. Kisha akanitazama usoni, kitu alichokuwa hafanyi siku zile.

"Hiyo umesoma kwa vitabu, ama unanisema mimi?"

"Ni ya vitabu, Baba," nikasema. Na ilikuwa ya vitabu. Lakini nilijua amesikia kitu ambacho sikuwa na ujasiri wa kukisema.

Baba akauweka ule mche chini. Akaosha jembe kijitoni akapanda kilima mbele yangu. Jumamosi iliyofuata aliamka mapema, akavaa koti la kanisani, akachukua chupa ya maziwa na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, akaniambia nikamue ng'ombe kwa sababu yeye anaenda Nakuru. Hakusema anaenda kwa nani. Nami sikuuliza, niliogopa kuharibu.

Alikaa huko siku kadhaa. Sijui mashemeji zake walimwambia nini, wala alijibu nini. Mpaka leo hakuna aliyenieleza. Niliwaona mchana mmoja wakipanda njia kutoka barabarani, Baba amebeba begi kubwa la Mama, naye Mama nyuma na mwavuli, wakibishana kwa Kiswahili kuhusu nauli. Nilikimbia mbio mpaka viatu vikanitoka. Mama alinishika kichwa kwa mikono yote miwili akalia, nami nikalia, na Baba akatangulia na begi akijifanya anawatazama ng'ombe.

Wiki zile nyumba ilikuwa na sauti. Mama alichukua jiko lake, akapanga upya sufuria nilizokuwa nimezipanga. Alichukua upande wake wa mezani, ambako nilikuwa nikikaa. Jioni walikaa wawili karibu na moto wakiulizana habari za watu waliokufa na waliozaa, wakicheka mambo ya kabla yangu. Nikiingia walinyamaza kidogo, kwa adabu, kama wazazi wanavyonyamaza. Nilikuwa na furaha. Nasema kweli, nilikuwa na furaha, na sikuwahi kuwa mpweke kiasi kile maishani mwangu.

Asubuhi moja Mama alinimiminia chai kwenye kikombe cha wageni, kile cha maua, akakisukuma mbele yangu kwa upole mwingi.

"Na wewe," akauliza, "unaenda lini?"

Baba aliinua macho, naye akingoja jibu. Hawakuwa na ubaya wowote. Walidhani nina masomo yananingoja.

"Jumatatu," nikasema.

Mama akasema basi atanifungia mahindi ya kula njiani. Sikuwa na mahali popote pa kwenda Jumatatu.