Ndama wa Dipoziti Yangu

Asubuhi ile sikuweza kukaa. Nilichemsha chai nikaiacha ipoe, nikafunga masanduku, nikayafungua, nikayafunga tena. Nilikuwa nimehamishiwa shule moja mjini Kajiado, na huko nilipata nyumba yenye chumba cha ziada cha mama, aliyekuwa ahamie kwangu kutoka kijijini. Dalali alitaka dipoziti kabla ya jioni.

Dipoziti ya chumba nilichopanga Kitengela ilikuwa kwa mwenye nyumba, mzee mfugaji aliyejenga vyumba vya kupangisha kando ya boma lake. Makubaliano yalisema itarudishwa bila riba. Nilitia sahihi bila kujali, nikiwa mwalimu mpya. Sasa neno hilo lilinichoma, kwa sababu bila riba pesa ile isingetosha nyumba mpya. Isitoshe, kila mpangaji alijua mzee alinunua mtamba kwa pesa hiyo, na mtamba yule alikuwa ameshazaa mara tatu.

Nilimkuta zizini.

"Takwenya, mwalimu," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," niliitikia mbiombio, bila hata kumuuliza hali ya watoto wake. "Mzee, ng'ombe ulinunua na pesa yangu. Hata mimi niko na haki ya ndama moja."

Nilidhani atanifukuza. Aliegemea fimbo yake, akafikiri kwelikweli.

"Ungeniachia ng'ombe nichunge, ndama ningekupa. Sisi ndivyo tunafanya. Lakini ile kiangazi ilimaliza ng'ombe zangu, ikabaki tu hiyo moja. Kama ingekufa, ungekuja kuniambia pole uende?"

 Ningemdai pesa yangu vilevile, na sote wawili tulijua hivyo.

"Wewe uliniachia dipoziti. Dipoziti haizai, lakini pia haikufi."

Akanipa pesa yangu yote. Hakukata hata ya rangi ya ukuta. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi: nilikuja nimejiandaa kugombana na mwizi, na mwizi hakuwepo.

"Na nikikubali kubeba hasara?" nikang'ang'ania.

"Hiyo ungesema ukiingia, mwalimu."

Nilimpigia dalali palepale, ndama wakiruka mbele yangu, nikaomba wiki moja tu.

"Madam, kuna mtu hapa na pesa mkononi."

Nikampigia mama. Nilizungukazunguka kwanza, nikamuuliza habari za mvua, kisha nikamwambia asije bado, nyumba imekwenda. 

"Sawa," akasema. "Ni vile nimeshauza kuku wote."