Suruali ya Mwalimu

Kila nikikaa kwenye mashine yangu ya kushona namshukuru Mama Chantal, muuza uzi wa soko letu hapa Bunia, pamoja na miwani yake.

Mimi ni mjane, mwaka wa tano sasa. Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa mtaa wa Saio, naye alifiwa na mke, aliniletea suruali iliyofumuka ubavuni. Nikaishona. Baada ya wiki akarudi, imefumuka palepale. Nikapitisha uzi mara mbili, nikamwomba radhi. Akarudi hadi mara ya nne, na kila mara alikaa kungoja, akiniuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja. Mimi ninayempima mtu kiuno kwa macho tu, sikuona kitu. Niliona mtu mpole anayenivumilia, nikaona haya. Nikaamua kosa ni la uzi.

Nikaibeba suruali hadi kwa Mama Chantal, mwalimu akinifuata nyuma.

"Uzi yako imeoza," nikamwambia, soko zima likisikia. "Unaniharibia jina."

"Mama, tuache tu," mwalimu akaninong'oneza.

Mama Chantal alivaa miwani, akageuza mshono kwenye jua.

"Dada, uzi ya kuoza inakatikaka ovyo. Hii ilikatwa na wembe."

Nikamgeukia mwalimu. Alikuwa akitazama viatu vyake.

"Uzi yako iko nguvu sana, Mama Chantal," akasema. "Mara ya kwanza nilijaribu na meno."