Biskuti za Kauboi za Mzee Johana

Mzee Johana arap Kirui alikuwa na kofia tatu za kauboi, na kila moja ilikuwa na kazi yake. Ya kijivu ilikuwa ya kupeleka majani ya chai kituoni, ya kahawia ya kanisani, na nyeusi ya mazishi na mikutano ya chifu. Watu wa kwetu, huku juu ya Silibwet, wanazipenda kofia hizo kupita kiasi. Jumapili baada ya ibada redio zote hupiga nyimbo za magitaa za Wamarekani wanaolilia farasi na wake waliowakimbia, na mgeni asiyejua anaweza kudhani Texas iko hapo tu, ukishapita Bomet. Lakini hakuna aliyevaa kofia kwa ukali kama Mzee Johana. Aliivuta mpaka kwenye nyusi, akatembea mikono ikiwa nyuma, na watoto waliacha mpira mpaka apite.

Mimi ni Wanjuhi, ingawa sokoni hakuna anayetumia jina hilo. Wananiita Mama Gitonga wa duka. Nimekaa nyuma ya kaunta tangu mwaka wa themanini na nne, na mwenye duka hujua mambo ya watu ambayo hata pasta hayajui. Mimi ndiye niliyejua kwamba Mzee Johana anapika.

Nilijua hivi. Mwaka wa tisini na nne, muda mfupi baada ya kustaafu, aliingia dukani akaomba unga wa ngano. "Ni ya mama," akasema. Hilo si jambo, kila mwanaume husema hivyo. Lakini yeye alichota unga kidogo kutoka kwenye gunia, akausugua kati ya vidole, akaunusa. Kisha akauliza kama nina vanila, na kama Blue Band imeletwa mwezi huu au imelala. Nikamtazama. Mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya kituo cha chai, ananiuliza habari za vanila! Nikampa, nikanyamaza. Mume wangu akisikia kwamba niliwahi kunyamaza atabisha.

Lazima mjue kwamba kwa Wakipsigis wa rika lake, mwanaume aliyetahiriwa haingii jikoni. Akiona maziwa yanafurika mekoni, atamwita mkewe aliye mbali huko shambani akichuma chai, na maziwa yaendelee tu kufurika. Sasa Mzee Johana alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita kwenye mashamba makubwa ya Kericho, na wenzake aliwaambia alikuwa msaidizi wa meneja. Kweli alimsaidia. Alimsaidia kula. Alikuwa mpishi wa nyumba ya meneja, na tena mpishi hodari. Mke wa meneja mmoja alikuwa Mmarekani, na kila mwaka siku ya kuzaliwa ya watoto wake ilikuwa lazima biskuti ziwe za kauboi: kofia, buti, farasi, nyota ya polisi wa kwao, na mti fulani wa miiba ambao sisi baadaye tulidhani ni mkono wa trafiki anayesimamisha gari. Yule mama alipokuwa anarudi kwao alimwachia Johana vile vibati vya kukatia, vyote ndani ya mkebe.

Mtu aliyezoea kuoka miaka ishirini na sita hawezi kuacha kwa sababu tu amestaafu. Mikono ilimwasha. Akachukua pipa, akalikata nusu, akalikandika udongo liwe tanuri, akaliweka ndani ya stoo ya mbolea nyuma ya zizi. Akatangaza kwamba anatengeneza dawa ya ng'ombe na mtu yeyote asisogee. Majirani walitii, lakini walishangaa. "Dawa ya arap Kirui inanukia kama harusi," walisema, na ng'ombe wake wakawa na sifa ya kutibiwa vizuri.

Waliokula hiyo dawa ni wajukuu, na mkewe, Phyllis. Mama Phyllis ni mwanamke mpole, mchumaji wa chai asiyeshindwa na mtu, lakini kupika Mungu hakumpa. Chapati zake unaweza kuzibia tairi ya baiskeli. Alijua siri yote na hakumwambia mtu, maana aliyeolewa na mwenye siri naye ameolewa na ile siri.

Kosa la kuiharibu ni langu. Ulimi hauna mfupa, na wangu ndio kabisa. Mwaka wa tisini na saba, mwezi wa tano, akina mama wa kanisa walifanya ibada ya nyumbani kwa Phyllis. Mvua ikanyesha, mkate haukufika sokoni, na Phyllis akaona aibu ya kuwapa wageni chai kavu. Akakimbilia stoo, akaleta mkebe wa biskuti. Zikapakuliwa kofia, buti na farasi, zimepakwa sukari nyeupe na kakao. Wanawake walizigeuzageuza kwanza mikononi. Halafu wakaanza kupiga kelele.

"Phyllis! Hii farasi iko na mpaka macho!" akasema Rebeccah, mwenyekiti wetu, mwanamke anayeuliza maswali kama hakimu. "Nani alikufundisha?"

Phyllis akatazama chini. "Nilijifunza tu."

"Mbona hatukujua?"

Hapo ndipo mimi, badala ya kunywa chai yangu, nikafungua mdomo. "Mimi nilikuwa najua. Unga wa ngano mwingi wa duka langu unaishia hapa." Nilidhani namsaidia. Rebeccah akaamua papo hapo: Jumamosi ya wiki inayofuata, Mama Phyllis atatufundisha sote ndani ya ukumbi wa kanisa. Wote wakapiga makofi. Phyllis alinitazama kwa macho ambayo sitayasahau.

Alhamisi alikuja dukani, akangoja watu watoke.

"Mama Gitonga, umeniua," akasema.

"Si useme ukweli tu? Sema ni mzee."

"Nikisema ni yeye, wazee watamcheka mpaka kaburini. Unawajua. Watamwita mama. Na ile uenyekiti ya kituo, nani atamwachia?" Akashika kaunta. "Nikinyamaza, nitachekwa mimi. Afadhali mimi."

"Yeye anasemaje?"

"Ananifundisha. Siku tatu sasa, huko kwa stoo. Amenikaririsha kama katekisimu. Jana nilichoma zote. Akatoka nje akasimama na ng'ombe."

Nilihisi vibaya sana, nasema ukweli. Nilimpa Blue Band bure, kana kwamba siagi inaweza kumtoa mtu kwenye aibu.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kulikuwa na meza, bakuli, majiko mawili ya makaa, na sufuria kubwa yenye mchanga ya kuokea. Wanawake walikuja na madaftari. Na wanaume nao wakaja. Hawakuingia, la, wangeingiaje mahali panapopikwa? Walisimama nje kwenye madirisha, kofia zao zikiwa zimepangana kama sahani kwenye rafu, wakisema wanangoja tu mvua ipungue. Mvua haikuwa inanyesha. Walikuwa wamesikia kuna kofia za kauboi zinazolika na kila mmoja alitaka kuona yake. Katikati yao alisimama Mzee Johana amevaa kofia nyeusi, ile ya mazishi.

"Wife yako leo anatufundisha, arap Kirui," akasema Kipyegon, rafiki yake wa rika. "Wewe umebarikiwa. Mimi kwangu ni ugali na kunyamaza."

Mzee Johana akakohoa tu.

Phyllis alisali, akafunga leso vizuri, akaanza. Alimwaga unga kwenye bakuli. Akamwaga sukari juu yake. Akavunja yai, na ganda nalo likaingia. Rebeccah aliandika yote, mpaka ganda nadhani. Nilimtupia jicho Mzee Johana dirishani. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kofia. Phyllis akachukua maji, maji matupu, akaanza kuyamimina, na nikaona midomo ya mzee inatikisika. Akachukua chumvi. Kijiko kimoja. Akachota cha pili.

"Wacha!" sauti ikatoka dirishani. "Wacha hiyo chumvi! Siagi ndiyo kwanza! Siagi na sukari, mpaka iwe nyeupe, halafu yai, halafu unga! Na maji ni ya nini? Unapika uji?"

Ukumbi mzima ukageuka. Nje, kofia zote zikageuka pia. Sitawadanganya kwamba ni mapenzi yaliyomfanya afungue mdomo. Yangekuwa ni mapenzi angesema mapema, kabla ya mkewe kusimama mbele ya watu. Ni kile kiburi cha fundi. Fundi anaweza kuvumilia mkewe aaibike, anaweza kuvumilia uongo wa miaka mitatu, lakini hawezi kuona unga ukiharibiwa mchana mbele ya macho yake.

"Umejuaje, Mzee?" Rebeccah akauliza, kalamu juu.

Alikuwa na nafasi ya kuponyoka. Angesema amemwona mkewe akifanya, na wote tungekubali. Hata Kipyegon alimpa njia: "Si amezoea kumwona wife." Mzee Johana akamtazama Phyllis. Phyllis alikuwa ameshika kijiko cha chumvi, unga umempaka mpaka kwenye paji la uso, na machozi yalikuwa yameanza kumtoka. Lakini alikuwa anamtikisia kichwa. Anamwambia hapana. Anamwambia nyamaza, baba, acha nichekwe mimi.

Nadhani hapo ndipo mapenzi yalipofika, yamechelewa kama kawaida yake.

Mzee alizunguka ukumbi akaingia kwa mlango. Akavua kofia, akanipa mimi niishike. Sikuwahi kuona kichwa chake. Kilikuwa na upara mdogo wa kupendeza. Akavua koti. Akaosha mikono kwenye beseni mpaka kwenye viwiko, kama daktari, akaichukua leso iliyokuwa mezani na kujifunga kiunoni.

"Mimi nilikuwa mpishi kwa nyumba ya meneja," akasema. "Miaka ishirini na sita. Sikuwa ofisini. Hizo biskuti zote ni mimi. Mama Kipkurui, huyu mke wangu, hajawahi kupika hata moja."

Dirishani mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema, "Ouu! Arap Kirui amevaa leso!" Wakacheka wengi. Mzee alisikia, shingo yake ikawa ngumu, lakini mikono haikusimama. Alimwaga ule uchafu wote, akaanza upya. Siagi na sukari, mwiko ukizunguka haraka mpaka hatukuuona. Akasukuma unga kwa chupa ya soda, akatoa vibati vyake, na ndani ya dakika chache meza ilijaa farasi. Wale wa dirishani kicheko kiliwapungukia kidogo kidogo. Kipyegon alikuwa ameingiza kichwa chote ndani. Akauliza kwa sauti ya chini kama hiyo kofia ya tatu inaweza kuongezewa ukingo, maana kofia yake mwenyewe ni pana zaidi. Mzee akaongeza ukingo.

Zilipoiva, harufu ilifanya hata pasta atoke ofisini. Rebeccah alipanga sahani: ya kwanza ya pasta, ya pili ya wazee wa kanisa. Mzee Johana akaichukua ile ya kwanza. Akachukua kikombe, akamimina chai mwenyewe kutoka kwenye birika, akatia sukari vijiko viwili, akakoroga. Akamwendea Phyllis pale alipokuwa ameketi kwenye benchi la nyuma, akamwekea sahani mapajani na kumpa kikombe kwa mikono miwili.

Phyllis hakukipokea mara moja.

"Baba Kipkurui," akasema, na sauti yake ilitosha kufika madirishani. "Tulioana mwaka gani?"

"Sitini na sita."

"Huko Kericho ulikuwa unampelekea yule memsahibu chai?"

Mzee alitazama kikombe. "Kila asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu. Kitandani."

"Na mimi?"

Siku nyingine ningemjibia, na kwa mara ya kwanza nilishukuru Mungu kwamba mdomo wangu ulikuwa umejaa buti. Mzee alisimama pale, leso kiunoni, kikombe mkononi, na nilimwonea huruma kuliko wakati wazee walipokuwa wanamcheka. Kicheko hakikumuuma hivyo.

Phyllis akapokea kikombe. Akanywa taratibu. Akauma farasi kichwa, akatafuna, na wanawake arobaini wakangoja na kalamu zao.

"Chai iko sawa," akasema. Akanywa mpaka mwisho, akamrudishia kikombe kitupu. "Ongeza."

Mzee Johana akarudi kwenye birika, mbele ya pasta, mbele ya rika lake lote, akaongeza.