Chupa Moja ya Dawa ya Macho

Daktari wa macho aliniambia nina presha ya macho, ugonjwa usiouma, na kwamba nitie tone moja kila jicho, kila siku, maisha yangu yote. Kilichopotea hakirudi, alisema, lakini dawa italinda kilichobaki. Nikarudi chumbani kwangu, mtaa wa Junda, nikakaa mbele ya cherehani bila kushona kitu. Mume wangu alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Binti yangu yuko Saudia, anafanya kazi za nyumbani. Alipopiga simu nilimwambia macho yangu yanataka miwani tu.

Mwezi wa kwanza nilipewa dawa palepale hospitali. Mwezi wa pili aliyekuwa kwenye dirisha la dawa akasema imekwisha, nikanunue nje. Mwezi wa tatu vilevile. Bei ya duka la dawa ilinifanya nianze kuruka siku.

Kwenye benchi la dirisha hilo ndiko nilikokutana na bibi mmoja wa Mtopanga, aliyekuwa akiuza mahamri zamani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama natia macho yote mawili. Nikamwambia ndiyo, nikiwa nayo.

"Mie natia hili tu," akasema, akigusa jicho la kushoto. "Hili jengine nimeliacha. Dawa haitoshi."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Muuza dawa alikuwa amenieleza kuwa chupa ikishafunguliwa hutumika wiki nne, kisha hutupwa hata kama imebaki. Na kwa mtu mmoja hubaki. Nikampendekezea bibi tununue moja, tuitumie wawili. Akafikiri kidogo, akasema tujaribu, mradi mdomo wa chupa usiguse jicho la mtu.

Basi kila alasiri, akishaswali, nilitembea hadi kwake. Nilipokuwa nikijitia mwenyewe matone mengi yaliteremka shavuni, hata jirani yangu akadhani nashinda nikilia. Mkono wa bibi ulikuwa umetulia kuliko wangu. Nililaza kichwa mapajani mwake, akavuta kope ya chini taratibu, tone likaingia. Tangu tumzike mume wangu hakuna mtu aliyekuwa amenigusa uso. Ilipofika zamu yake, siku ile ya kwanza, nilitia jicho la kushoto, kisha nikatia na la kulia. Hakukataa. Halafu tulikaa bega kwa bega, macho tumefumba, vidole tumebana pembeni mwa pua kama tulivyofundishwa, dawa isishuke puani.

Tuliendelea hivyo miezi mitano. Alasiri moja nikakuta mlango una kufuli. Mama wa chumba cha pili akanieleza kwamba bibi ameanguka bafuni, na mwanawe amekuja kumchukua, amempeleka Malindi. Akanipa chupa, imefungwa ndani ya karatasi ya nailoni. Bibi alikuwa ameniachia mimi.

Nilimpigia siku ileile. Nikamuuliza anatia nini huko.

"Sitii," akasema. "Mwanangu ana watoto sita. Naona haya kumwambia."

Asubuhi yake nilikwenda hospitali. Kwenye ukuta wa mapokezi wamepaka rangi maandishi makubwa ya haki za mgonjwa, na ya pili inasema ni kupata dawa. Dirishani nikaambiwa imekwisha. Safari hii sikuondoka. Nikaomba kumwona msimamizi. Alikuwa kijana mwenye adabu, akanipa kiti. Nikamwambia nimesoma ukutani kwamba dawa ni haki yangu, basi nimeifuata.

Akainuka, akaurudisha mlango. Kisha akasema, "Mama, mimi mwenyewe mamangu namnunulia nje."

Niliingia nikiwa na hasira, na hasira ile ikakosa mtu wa kumfikia. Akaniandika jina na namba ya simu kwenye daftari, akasema watanipigia ikija, nikatoka.

Dawa ilikuja baada ya miezi miwili. Walinipigia kweli. Nikampigia bibi nikamwambia ipo, nitampelekea yake kwa basi.

"Mpe mwengine, mwanangu," akasema. "Mie sasa naona mwangaza tu. Najua mlango ulipo, basi."

Nilisimama kando ya dirisha la dawa la hospitali, watu wananipita. Akaniuliza niko wapi, nikamwambia. Akataka nimwambie naona nini. Nikamtajia: mama amembeba mtoto mgongoni, kanga ya manjano, foleni imefika getini, paka amelala chini ya benchi. Akawa anaitikia, enhe, enhe, mpaka salio langu likaisha.

Nyumbani nililala sakafuni chali nikajitia mwenyewe. Tone la kushoto liliingia. La kulia nilirudia mara tatu.

Mwezi uliofuata nilipokwenda, waliniambia imekwisha.